Viatu Vyeupe vya Beldina

Jumapili hiyo soko la Kibuye lilikuwa limefurika, na wahubiri watatu walikuwa wakishindana kwa spika. Beldina aliinamia rundo la mitumba akichagua viatu, gauni lake la njano likiburuzika vumbini upande wa kushoto, ule wa mguu mfupi. Fundi viatu aliyeketi kando akamwuliza swali ambalo hakuna mwanaume aliyewahi kumwuliza.

"Hiyo ya kushoto tuongeze ngapi?"

Wengine humpa pole. Huyu, Oyugi, alitoa rula.

"Inchi mbili. Na usiniangalie hivyo."

"Naangalia mguu."

"Mguu uko chini, baba."

Oyugi alibandika raba ya tairi chini ya soli, na kabla gundi haijakauka walikuwa wamepeana namba. Miezi minne ikaenda kwa simu. "Jaber wangu, mrembo, umekula?" "Nimekula, lakini kuja tu." Kila jioni Oyugi alifika Obunga, mtaani kwa Beldina, akaketi kando ya karai ambalo Beldina alikaangia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishatolewa. Harufu haikumkera hata siku moja.

Wote wawili walikuwa watu wa kuomba. Beldina aliomba asubuhi kabla ya kuwasha moto, na mguu hakuutaja tena tangu utotoni. Oyugi alifunga siku tatu kuuombea bila kumwambia, kisha akambembeleza waende mkutano wa nabii fulani huko Pap Onditi.

"Tusikilize neno tu, mpenzi."

Nabii alipomwona akichechemea alimvuta jukwaani. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho na mafuta yaliyochacha. Aliukamata ule mguu, akapanda nao mpaka juu ya goti, akiuminya kama anayekagua mbuzi sokoni, huku mate yakimrukia Beldina midomoni. Mtu aliyezoea nzi na vichwa vya samaki, hapo alitaka kutapika.

"Toa hiki kiatu cha shetani," nabii alisema, akakitupa topeni. Umati ukashangilia. "Tembea."

Beldina akatembea, akichechemea vilevile.

"Imani yako ni ndogo." Akampangusa uso kwa leso aliyokuwa amejifutia jasho.

Chini, Oyugi alikuwa amefungua mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vyeupe vipya, soli zake sawasawa.

"Nilijua utarudi navyo nyumbani," alisema, machozi yakimlengalenga.

Hapo Beldina alichukizwa kuliko alivyochukizwa na mate.

"Kumbe kila jioni ulikuwa unakaa na mwanamke mwingine. Huyo wa miguu sawa."

Alipanda bodaboda mguu mmoja peku. Nyumbani aliusugua mguu kwa sabuni mara tatu, na bado alihisi vile vidole.

Wiki mbili hakupokea simu. Siku alipopokea, aliuliza moja tu.

"Nisipopona?"

Hakumngoja Oyugi ajibu.

"Ukipata jibu, kuja. Ukikosa, kaa huko."

Oyugi alikuja kesho yake mchana, wateja wakiwa wamezunguka karai. Alibeba sanduku la vifaa na vile viatu vyeupe. Akapiga magoti kwenye majivu.

"Naweza kushika mguu?"

Pap Onditi hakuna aliyeuliza. Beldina akaunyoosha. Oyugi akapima, akachukua kisu, akabandua soli ya kushoto.

"Unaharibu kiatu kipya," Beldina alisema.

"Ndiyo. Sasa hakitatosha mtu mwingine yeyote." Akapaka gundi. "Na bado naomba, Beldi. Siwezi kukudanganya."

"Omba. Lakini mguu ni wangu, uniulize kwanza."

"Nitauliza."

"Na mbona vyeupe? Mimi nashinda kwa mafuta."

Oyugi hakuinua macho. "Nilinunua vya harusi."

Beldina aligeuza mifupa kwenye karai, taratibu, kila upande, wateja wakisubiri.

"Weka inchi mbili kamili," alisema. "Nataka kusimama sawa mbele ya kanisa."