Pipi, Vidonge na Mishumaa ya Nesta

Nesta alitengeneza mishumaa nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Chapwa, mjini Tunduma. Asubuhi aliyeyusha nta kwa mvuke wa maji. Nta ikishakuwa maji, alitia chenga nyeupe kutoka kwenye mfuko mkubwa wa karatasi. Bila chenga hizo, mshumaa huwa laini, hupinda na kuisha upesi. Mfuko uliandikwa jina la chenga hizo kwa herufi kubwa: asidi ya steariki.

Wateja wake wengi walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Umeme ulipokatika kwao, walikuja wakimwita Mayo, yaani mama, na mishumaa haikukaa.

Mbele ya nyumba hiyohiyo kulikuwa na kibanda cha wifi yake, Rosemary, dada wa mumewe Lusajo. Rosemary aliuza biskuti, vocha na pipi. Mama yao, Mama Judith, aliishi nao. Alikuwa na presha, yaani shinikizo la juu la damu. Kila asubuhi alimeza kidonge chake kwa chai, kisha akaanza kazi yake ya kila siku, ambayo ilikuwa kukosoa kazi za wengine.

"Mshumaa huu umepinda," alikuwa akisema.

"Haujapoa, Mama."

"Ukipoa utakuwa umepinda na umepoa."

Siku moja Nesta alikaa kibandani kumsubiri wifi yake. Hakuwa na la kufanya, akachukua pakiti ya pipi za mnanaa, zile nyeupe za mviringo. Akasoma maandishi madogo nyuma yake. Alisoma mara ya pili.

"Wifi, njoo uone," alisema. "Humu kuna asidi ya steariki."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ile ninayotia kwenye mishumaa. Jina lilelile."

"Unataka kuniambia nauza mishumaa?"

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa, wifi."

Nesta hakuishia kusoma. Jumapili, akina mama wa kikundi cha kanisa walipokaa baada ya ibada, aliwaeleza wote. Walimwamini mara moja. Ni nani angejua mambo ya mishumaa kumshinda mtengeneza mishumaa?

"Msiwape watoto pipi hizo," aliwaambia. "Kitu hicho nakijua. Nashinda nacho kutwa."

Wiki ile pipi za Rosemary zilikaa kibandani zikishika vumbi. Mteja mmoja alimuuliza kama ana pipi zisizo na utambi. Rosemary alimpa vocha yake, na jioni hakumsalimia Nesta.

Mama Judith aliyasikia yote. Kesho yake alimletea Nesta boksi la vidonge vyake vya presha.

"Soma na hapa," alisema.

Nesta alisogea kwenye mwanga. "Magnesiamu stearati," alisoma. Akasita. "Jina si lilelile, Mama. Lakini linafanana. Kama ni watu, ningesema ni wa ukoo mmoja."

"Basi."

"Basi nini, Mama?"

"Basi nimeacha. Sitaki kugeuzwa mshumaa."

Lusajo alicheka. "Umeme ukikatika tutakuwasha, Mama."

Mama Judith hakucheka. Aliweka boksi juu ya kabati. Wote walidhani ni maneno ya siku moja, wakaendelea na kazi zao.

Haikuwa siku moja. Siku kadhaa baadaye, Nesta alimkuta mama mkwe wake ameacha kuchambua maharage na ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

"Kichwa," alisema Mama Judith. "Kinagonga tangu jana."

"Mama, vidonge umemeza?"

"Si wewe uliyesema?"

Ni kweli, Nesta ndiye aliyesema. Alifunga kiwanda chake kidogo, wakapanda bajaji hadi kituo cha afya. Presha ilikuwa mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Daktari alimpima kwa makini, akampumzisha, akamwambia arudie dawa siku hiyohiyo. Alisema presha ya kiwango hicho inaweza kupasua mshipa kichwani, na mtu akapooza au akafa.

Mama Judith alisikiliza kwa adabu. Alimeza kidonge mbele ya daktari. Asubuhi iliyofuata, nyumbani, alikataa.

"Kimoja nimemeza kwa heshima ya daktari," alisema. "Cha pili ni cha nini?"

Nesta alitoka akaenda kwa jirani yao, Ndalahwa. Huyu alikuwa mfamasia, mtaalamu wa dawa, aliyehamia Tunduma kutoka bonde la Momba, kwa wafugaji. Alimweleza kila kitu, na hakuficha maneno yake ya kanisani.

Ndalahwa alikuja. Alimsalimia Mama Judith, akakaa jikoni, akasoma boksi, pakiti ya pipi na mfuko wa chenga za Nesta. Kisha akaangalia jiko.

"Mama, kwenye sufuria ile kuna nini?"

"Supu ya mifupa ya ng'ombe. Ya jana."

"Naomba nifunue."

Usiku uliopita ulikuwa wa baridi, kama kawaida ya Tunduma. Juu ya supu kulikuwa na utando mweupe, mgumu. Ndalahwa aliugonga kwa kijiko. Uligongeka.

"Nesta, wewe ni fundi. Hiki kinafanana na nini?"

Nesta aliinama, akaukwaruza kwa ukucha. "Kinafanana na mshumaa," alisema polepole.

"Asidi ya steariki imo humo, na nyingi. Ni moja ya asidi za mafuta, vitu vinavyojenga mafuta ya chakula. Imo kwenye mafuta ya ng'ombe, kwenye mawese na kwenye kakao. Mwili unaijua. Unaisaga na kuitumia kama mafuta mengine."

"Nimekula supu hiyo tangu nikiwa mtoto," alisema Mama Judith.

"Na hujawaka, Mama."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa kichwa, Mama Judith alitabasamu.

"Sasa kwenye pipi inafanya nini?" aliuliza Rosemary, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Pipi hizi na vidonge hutengenezwa kwa kukandamiza unga ndani ya mashine. Unga hunata kwenye chuma. Wanatia kiasi kidogo sana cha asidi hii, au asidi hii ikiunganishwa na madini ya magnesiamu, yaani ile magnesiamu stearati, ili usinate. Ni kama unavyopaka mafuta chombo cha keki. Wataalamu wa usalama wa chakula wameipima na kuiruhusu kwa matumizi hayo. Asiyekula vitu vya mnyama fulani anaweza kuuliza imetoka kwa mnyama au kwa mmea. Wengine hawana haja ya kuihofu."

"Kumbe ni chakula," alisema Lusajo. "Nesta, si utie kidogo kwenye siagi ya karanga unayotusagia, mafuta yasielee juu?"

Nesta alikuwa tayari ameushika mfuko.

"Hapana," alisema Ndalahwa. "Ya mfuko huu, hapana. Kwetu Momba tunanunua chumvi ya ng'ombe. Ni chumvi, lakini mama hawezi kuitia kwenye mboga. Haikusafishwa kwa ajili ya mtu, na ina vitu vingine. Mfuko huu nao umeandikwa: kwa matumizi ya kiwandani. Haukupimwa kama chakula. Ya chakula hutengenezwa na kupimwa kivyake. Jina linakuambia ni kitu gani. Halikuambii ni safi kiasi gani, wala kimetiwa kiasi gani."

Nesta aliuweka mfuko chini. Jina lilelile lilimkosesha mara mbili: alikikataa kilicho salama, na nusura ale kisicho salama.

"Na supu?" aliuliza Mama Judith.

"Engua mafuta, punguza chumvi. Si kwa hofu ya mishumaa. Ni kwa ajili ya presha. Na dawa ya presha haiachwi bila kuzungumza na daktari."

Mama Judith alinyoosha mkono. "Nesta, lete maji. Na ulete boksi kabla huyu hajanikataza na chai."

Jumapili Nesta alisimama tena mbele ya akina mama. "Niliwaambia pipi zina kitu cha mishumaa," alisema. "Jina nililisoma sawa. Maana niliikosea." Akawaeleza habari ya supu, ya mashine na ya mfuko wa kiwandani. Waliuliza maswali mengi. Walipotoka, watatu walipitia kibandani kwa Rosemary, naye akaanza kumsalimia wifi yake.

Mwezi uliofuata Nesta alimpeleka mama mkwe wake kliniki. Muuguzi alisoma mashine: mia moja na thelathini na mbili kwa themanini.

"Vizuri sana, Mama. Umefanya nini?"

"Nimemeza," alisema Mama Judith, akavaa viatu vyake.

Njiani alitangulia. Nesta alilazimika kuongeza mwendo ili asiachwe.