Kitambaa cha Mama Kaanaeli

Rafiki yangu Saadi, fundi wa kompyuta pale Themi, alikuwa akicheka hadithi za majini mpaka siku alipoitwa ofisi ya usharika mmoja wa Kilutheri huko Maji ya Chai. Kompyuta yao ilikuwa mtumba wa Ujerumani: kwenye kibodi yake Y imekaa mahali pa Z, na Z mahali pa Y.

"Kila nikiirekebisha, kesho yake naikuta imerudi ilivyokuwa," alilalamika Magreth, katibu mpya. "Marehemu Mama Kaanaeli, katibu aliyenitangulia, ndiye aliyeizoea. Alikuwa anaandika mikono ikiwa chini ya kitambaa, wala hatazami."

Saadi akacheka. Akakiweka kando kile kitambaa cha kufuma kilichofunika kibodi, akabadilisha mpangilio wa herufi uwe wa Kiingereza, kisha akazing'oa zile batani mbili, Y na Z, ili azibadilishe mahali. Hapo mvua ya mlimani ikashuka, umeme ukakatika, na chumba kikawa giza mchana ule ule.

Ta-ta-ta-ta. Mtu alikuwa akiandika, haraka, bila kusita.

"Dada Magreth, acha kwanza! Batani mbili ninazo mkononi."

"Mimi niko huku barazani, nakinga maji!"

Mlio ukakoma. Saadi akakaza ngumi, akasoma dua kimoyomoyo, asithubutu kusogea.

Umeme uliporudi, akafumbua ngumi. Haikuwa na kitu. Na kile kitambaa kilikuwa kimetandikwa tena juu ya kibodi, kimeinuka sehemu mbili, kana kwamba mtu amepumzisha mikono chini yake.