Sanduku la Mirija la Mzee Olanya

Akullo aliishi Kisugu, mjini Kampala. Kila asubuhi alikaanga simsim, akaisaga, akaenda kuiuza. Mumewe, Opio, alikuwa polisi. Walikuwa na watoto watatu, nyumba nzuri na chakula cha kutosha. Walichokosa ni amani, kwa sababu Opio alikuwa mlevi.

Mwanzo alikunywa kama wengine. Jioni aliketi na polisi wenzake kukizunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi. Kila mtu alinyonya kwa mrija wake mrefu, na Opio aliutunza wake kama bunduki ya serikali. Kisha wanajeshi wakatwaa serikali, na miaka ikawa mibaya. Wenzake wawili walikwenda kazini wasirudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Opio akahamia kwenye waragi, pombe kali ya kukeneka. Alikunywa asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Mkubwa wake, Afande Onen, akamwonya kwamba akija kazini amelewa tena, atafukuzwa.

Siku moja mwaka 1974, Akullo akasema potelea mbali. Akaimwaga waragi yote. Akamfungia mumewe chumbani, akatia kufuli.

"Nitamkomesha," alisema.

Siku ya pili Opio alitetemeka mwili mzima. Alipiga kelele kwamba ukuta umejaa siafu, na ukuta ulikuwa mtupu. Akullo akataka kumwita mganga aje kutoa pepo. Jirani yake Kahambu, fundi cherehani kutoka Kongo, akamshika mkono.

"Dada Akullo, ile si pepo. Kaka yangu alikufaka vile! Twende hospitali sasa hivi."

Walimpakia kwenye gari la muuza mkaa. Hospitalini wakapokewa na mzee mrefu mwenye shada la funguo kiunoni. Alikuwa Saverio Olanya, msimamizi wa hospitali. Ni yeye aliyetenga chumba cha vitanda vinne kwa ajili ya walevi. Watu walimcheka. "Vitanda havitoshi wagonjwa, wewe unalaza walevi?" Naye aliwajibu, "Na hawa ni wagonjwa."

Daktari alimchoma Opio sindano, naye Opio akatulia. Akullo akaanza kulia.

"Alikosa pombe siku ngapi, mwanangu?" Mzee Olanya aliuliza.

"Siku mbili, muzee. Mimi ndiye nilimfungia kwa kufuli. Nilitaka pombe itoke."

"Sikiliza. Mimi si daktari, kazi yangu ni vitanda na mashuka. Lakini haya nimeyaona sana. Mtu akinywa sana kila siku, mwili unazoea. Ukimkatia ghafla, mwili unashtuka. Anatetemeka, anaona vitu ambavyo havipo, anaweza kupata kifafa, hata kufa. Mtu kama huyo aletwe hospitali. Daktari atamwachisha kwa dawa."

"Kumbe nilitaka kumuua!"

"Ulitaka kumponya, ila ulikosea njia. Kufuli haliponyi mtu."

Opio alikaa hospitalini wiki mbili. Kila jioni mzee alikuja kunywa naye chai kavu, kwa maana sukari ilikuwa imeadimika mjini. Siku ya kutoka alimwambia, "Polisi, leta mrija wako." Akullo akaufuata nyumbani, na mzee akaufunga kikaratasi chenye jina la Opio, akautia katika sanduku la bati.

"Ukiutaka, njoo uniombe mimi kwanza," alisema. "Na kila Alhamisi njoo ofisini kwangu, ukutane na wenzako walioacha. Mtu mmoja peke yake haachi."

Opio aliteleza mara moja, wakati wa Krismasi. Akullo alimrudisha hospitali kwa aibu kubwa. Mzee hakumgombeza mtu. "Mtoto akianguka akijifunza kutembea, mnamfunga miguu?" aliuliza. Tangu hapo Opio hakugusa pombe tena.

Mwaka 1976 Mzee Olanya akafa kwa ugonjwa wa moyo. Waombolezaji walijaa nyumbani kwake Bukoto. Katikati ya uwanja kiliwekwa chungu cha malwa, na kwa watu wa kwao, kukataa pombe ya msiba ni kumdharau marehemu. Afande Onen akamnyooshea Opio mrija.

"Opio, chukua. Wewe nakataa kulia muzee?"

Akullo alikuwa akichambua mboga na wanawake. Mikono yake ikasimama. Alimwona mumewe akiupokea ule mrija, na moyo wake ukavunjika.

Lakini Opio hakunywa. Aliinuka na mrija mkononi, akaenda kwa mjane, Mama Rosalba.

"Mama, muzee alisema nikiutaka mrija nimwombe yeye kwanza. Sasa nitamwomba nani?"

Rosalba aliinuka. Akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati. Lilijaa mirija yenye majina. Akatoa wa chini kabisa, mkongwe, mweusi kwa moshi. Kikaratasi chake kilisema: *Saverio Olanya, 1958.*

"Wa kwanza ni wake mwenyewe," alisema. "Miaka kumi na minane, mimi ndiye nilikuwa naombwa."

Opio akalia mbele za watu wote. Kisha akamrudishia Onen mrija wake, akaomba chai. Hakuna aliyesema amemdharau marehemu.

Rosalba aliwapa Opio na Akullo sanduku lile. Mkutano wa Alhamisi ukahamia Kisugu, nyumbani kwa Opio, na wiki ya tatu Afande Onen alibisha hodi, mrija mkononi. Akullo aliupokea, akauandikia jina, akaulaza pamoja na mingine. Kisha akalifunga sanduku kwa kufuli lake la zamani, lile lile alilomfungia mumewe.