Ncha ya Sindano

Harufu ya udi ilianza kusikika saa za adhuhuri, katika chumba cha picha cha hospitali, ambacho hakikuwahi kunuka kitu ila dawa ya kupigia deki. Maimuna alidhani ni mgonjwa aliyejifukiza kabla ya kuja. Siku ya pili akadhani vivyo hivyo. Kisha mjamzito mmoja wa Ukunda akapanda kitandani, akapakwa jeli, na Maimuna alipokipitisha kichwa cha mashine ya altrasaundi tumboni pake, kwenye skrini ukatokea mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka.

Aliujua mstari ule. Ndivyo sindano ionekanavyo ikiwa ndani ya mwili. Na mama yule hakuchomwa sindano na mtu yeyote.

"Mtoto mzima?" mama akauliza.

"Mzima, dadangu," Maimuna alijibu. Alipotazama tena, mstari ulikuwa umetoweka.

Mwezi uliotangulia, kitanda hicho hicho alikilalia Mama Shutu wa Kinango, mwenye jipu la ini. Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo si lazima apasuliwe. Daktari Nzai huingiza sindano ndefu kupitia ngozi, Maimuna humwonyesha njia kwa picha, na usaha ukavutwa nje. Daktari alimwamini kuliko macho yake mwenyewe, na kwa kila mgeni alimsifu kwamba binti huyu haipotezi ncha.

Siku ile ilimpotea. Mama Shutu alikohoa, ini likasogea, ncha ikamezwa na giza la picha.

"Unaiona ncha?" daktari akauliza.

Ilitosha kusema "ngoja". Lakini aliona haya. "Naiona, daktari. Endelea."

Mshipa ukatoboka. Damu ikamwagikia tumboni, na kabla ambulensi haijafika kivuko cha Likoni, mama wa watu alikwisha kukata roho. Daktari Nzai alibeba lawama zote peke yake mbele ya jamaa, kisha akamwambia Maimuna, "Wewe kazi yako uliifanya vizuri." Naye Maimuna hakumwambia kwamba ncha ilikuwa imempotea.

Sasa mambo yakazidi, maana hata mashine ilipozimwa skrini ilibaki na mwanga wa kijivu, na ndani ya mwanga ule kitu kilipanda na kushuka polepole kama ini la mtu avutaye pumzi, na ule udi ukawa mzito hata akauonja ulimini, mpaka siku moja, jua likiwa la utosi na wagonjwa wakizungumza nje ya mlango, sauti ya kikongwe ikatoka chini ya kitanda, ikauliza kwa upole, kama ya mtu anayemhurumia, "Unaiona ncha?"

Maimuna alitoka mbio, glavu zikiwa mikononi.

Alikwenda Msambweni kwa Mzee Chirau, mganga wa pepo aliyekuwa sahibu wa marehemu babake. Chirau alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yule mama alikuwa kiti," alisema. "Alikaliwa na jini miaka mingi. Kiti kimevunjika, na mwenyewe anamtafuta aliyekivunja. Siwezi kumfukuza, mwanangu, kabla hujawaambia wenye msiba."

Kwanza alimwambia Daktari Nzai. "Ungesema ngoja," daktari alisema, "ningengoja."

Kesho yake akafuatana na Chirau hadi Kinango. Jumwa, binti wa marehemu, aliwapokea na mtoto mchanga kifuani. Maimuna akapiga magoti, akaeleza yote. Jumwa hakulia. Alitazama uani, mbuzi wakilamba debe tupu la maji.

"Alipokuwa anaingizwa kule ndani," alisema mwishowe, "mama aliniambia, 'Usihofu, wana mashine inayoona.'"

Chirau akachoma ubani, akatikisa kayamba. Midomo ya Maimuna ikafunguka bila yeye kuifungua, na sauti ya kikongwe ikapita.

"Nilikuwa ndani sindano ilipoingia. Niliona inakokwenda. Nilipiga kelele, asinisikie mtu."

"Wataka nini?" Chirau akauliza taratibu.

"Kiti. Jumwa huyu ni damu ya kiti changu. Nitamkalia yeye, au huyo aliye kifuani pake."

Jumwa akamkumbatia mtoto, akarudi nyuma hadi ukutani.

Maimuna alipoupata tena ulimi wake, alinong'ona, "Akae kwangu."

"Fikiri, mwanangu. Ukimkaribisha mwenyewe, mimi sina tena dawa ya kumtoa."

"Akae."

Kayamba likanyamaza. Chirau alifunga mkoba wake bila kumtazama.

Jumwa akaingia ndani, akarudi na leso nyekundu ya mamake, akamfunga Maimuna kichwani. Hakumfunga kwa chuki.

"Usile samaki asiye na magamba," alimwambia kwa sauti ya chini, kama somo anayemfunda mwari. "Kila Ijumaa mpe asali na marashi. Wala usimcheleweshe, dada. Mama alimchelewesha mara moja tu, ndipo ini likaanza kumuuma."