Damu Iliyoruka Mapafu

Kengele ya mwisho ilipolia, Sindano na Kasuku walibaki darasani wameinamia meza. Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Mwenzake alipewa jina la Kasuku kwa sababu ya domo lake. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewapa kazi ya kutengeneza katuni ya mzunguko wa damu, ya kuwafundishia watoto wa darasa la nne. Sindano alisogeza viduara vya karatasi kidogo tu juu ya mchoro wa mwili, Kasuku akapiga picha kwa simu ya mwalimu, kisha wakaanza tena. Ilikuwa siku ya tatu, na hata Kasuku alikuwa ameishiwa maneno.

Shingo ilimuuma Sindano. Sehemu ya mapafu ilikuwa bado: damu itoke moyoni, ikachukue hewa safi, irudi moyoni ndipo isambae mwilini. Picha sitini nyingine. Akaviondoa viduara vya buluu vya damu isiyo na hewa safi, akaweka vyekundu vya damu yenye hewa palepale moyoni, akasema nani atajua. Kasuku alisita, kisha akapiga picha.

Mwalimu, aliyelemewa na madaftari ya kusahihisha, hakuikagua. Kesho yake katuni ikaonyeshwa na watoto wakapiga makofi.

Jioni, mdogo wake Sindano, aliyekuwa darasa hilo la nne, alimwendea mama yao aliyekuwa ameketi kwenye cherehani.

"Mama, damu inapata hewa safi humo humo moyoni. Dada ndiye aliyetufundisha."

Mama, aliyechoka mgongo kwa kushona, akawasifu wote wawili. Sindano, aliyekuwa akila pembeni, akaacha chakula chake.

Asubuhi alimweleza mwalimu kila kitu, bila kumtupia Kasuku lawama. Mwalimu akavua miwani, akakiri kwamba naye alikosea kwa kutoikagua. Akawapa siku mbili zaidi.

Walipiga picha zote sitini, wakipumzika kila walipochoka. Kisha Sindano akasimama mbele ya darasa la nne, akawaambia kwamba katuni ya kwanza ilikuwa na kosa na kosa lilikuwa lake. Mara hii damu ilipita mapafuni.

Walipotoka, mwalimu alimwambia taratibu, "Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungeniambia, ningekupa muda. Lakini ukimpa mtu kazi nusu ukasema imekamilika, yeye ndiye atakayepotea, naye hatajua kwamba amepotea."