Nusu Saa ya Maji

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume anayejitia kutojua hilo hufukuzwa kwa macho kabla hajafukuzwa kwa maneno. Ndiyo maana asubuhi ile Taghreed alipomwona kijana mmoja amesimama nje ya lango, kanzu nyeupe imenyooka, kofia ya kazi ya mkono kichwani, na mkononi mfuko wazi wa barakoa za kike zinazong'aa rangi ya dhahabu, kicheko kilimshika palepale.

Alikuwa kwenye simu na mama yake aliyeko Maskat. Kiswahili ndicho walichozungumza, na Taghreed aliamini kwamba pale Ibra Kiswahili chake kilikuwa ukuta asioweza mtu kuchungulia.

"Lau ungemwona, Mama. Kijana mzuri, kajitengeneza, halafu kakamata barakoa za wanawake mfuko mzima. Sijui anampelekea nani, au anavaa mwenyewe."

"Havai," alisema yule kijana bila kugeuka. "Za shangazi yake. Na ahsante kwa hilo la uzuri."

Simu nusura imponyoke. Upande wa pili mama yake alikuwa anauliza nani huyo, nani huyo, na Taghreed akakata bila kujibu.

"Samahani, kaka. Sikujua kama unajua."

"Ibra nzima tunajua, ila tunanyamaza tusikilize mnatusemaje." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa na uchokozi. "Jina langu Humaid. Shangazi yangu Bi Asya yuko kibanda cha nne, kushoto. Kasahau bidhaa zake nyumbani, na mimi nikitia mguu mle ndani sitoki mzima. Nisaidie, bibie."

"Na nikikimbia nazo?"

"Utakimbilia wapi? Kila barakoa mji huu, shangazi anaujua mshono wake."

Taghreed aliupokea mfuko. Ndani ya soko kulinukia udi na hina, na vitambaa vilitandazwa mpaka chini. Bi Asya alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuagiza, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, aliyevuka bahari akiwa mdogo na kukizuia Kiswahili chake kisichakae.

"Shikamoo, Bi Asya. Mzigo wako huu."

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?" Akaelezwa ukoo, akaridhika nao. "Kwa hiyo huyu mtoto wa kaka yangu kakupa mzigo, namba yake ya simu hakukupa?"

"Hakunipa."

"Mjinga. Haya, andika."

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa amri ya shangazi, na yakashika moto kwenye simu. Humaid alifundisha fizikia skuli, na tangu baba yake kufariki alikuwa pia wakili wa falaj, mfereji wa kale wa maji wa kijiji chao, yaani msimamizi wa zamu za maji. Taghreed yeye alikuwa mtaalamu wa mazingira. Uwanja mdogo wa ndege ulioko jangwani nje ya mji ulitakiwa upanuliwe, uongezwe njia ya pili ya kutua madege makubwa, na kampuni yake ya Maskat ndiyo iliyopewa kuandika ripoti ya athari zake. Miezi minne alikuwa amepanga chumba Ibra, akihesabu ndege, miti na visima.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayenirushia madege juu ya kichwa," Humaid alimtania.

"Mimi sirushi, habibi. Naandika."

"Basi andika vizuri. Falaj yetu imo katika karatasi zako?"

"Kila falaj yenye maji imo, na imelindwa. Nimezikagua mwenyewe, moja moja. Lala usingizi."

Na Humaid alilala usingizi kweli, kwa sababu aliyesema ni Taghreed.

Alasiri moja ya Januari Taghreed alikaribishwa shambani kwao Humaid, Bi Asya akiwa katikati yao na birika la kahawa kuchunga adabu. Maji ya falaj yalitokea chini ya ardhi kwenye ukingo wa mitende, baada ya kupita gizani kilomita saba kutoka milimani. Humaid alisimama penye kijiti cha kivuli, akingoja kivuli kiguse jiwe. Kilipogusa, aliinama akageuza maji yaende kwa jirani.

"Hii inaitwa athar," alimweleza. "Nusu saa. Mtu anaweza kurithi nusu saa moja tu maisha yake yote, lakini ameandikwa katika daftari, na ni mwenye maji. Hata wali, mkuu wa wilaya, hawezi kumwambia nyamaza."

Taghreed alivua viatu, akapandisha abaya yake ya zambarau kidogo, akatia miguu majini. Baridi ilimpanda mpaka magotini.

"Hii maji ina miaka mingi kuliko mji," alisema Humaid.

"Haya maji," alimrekebisha Bi Asya huku akimenya tende.

"Haya maji. Taghreed, nikikuita uje ukae hapa moja kwa moja, utaitika?"

"Ita kwanza," alisema Taghreed, na moyo ulimwenda mbio mpaka akaona haya mbele ya shangazi.

Ripoti ilitoka Machi. Nakala iliwekwa ofisi ya wali, watu waisome siku thelathini kabla ya mkutano wa hadhara. Siku ya tatu, Taghreed akiwa anapiga pasi, simu ililia.

"Naam, moyo wangu."

"Ukurasa wa mia mbili na kumi." Sauti ya Humaid ilikuwa kavu. "Falaj namba kumi na moja. Imekauka, haitumiki. Sahihi ya nani hiyo?"

"Yangu. Lakini kumi na moja ni ile ya jangwani, yale mashimo matupu karibu na uzio wa uwanja."

"Yale mashimo ndiyo mapito ya falaj yetu. Njia yenu ya pili inapita juu yake. Umeosha miguu ndani yake, Taghreed. Umekunywa kahawa yetu, umemwita shangazi yangu mama, na huku umeshatuandika wafu."

"Humaid, wallahi sikujua."

"Si uliniambia umezikagua mwenyewe?"

Akakata. Taghreed alipiga mara nne, hakupokelewa. Alipogeuka, pasi ilikuwa imeunguza shati.

Alilia, lakini kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na machozi ya hasira hukauka upesi. Alifungua daftari lake la kazi akatafuta namba kumi na moja. Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, saa saba mchana. Alikumbuka jua, alikumbuka alivyoinama kwenye shimo akamulika tochi, akaona mchanga mkavu chini, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Akampigia Bi Asya.

"Ijumaa ile ya Oktoba, Bi Asya, falaj ilikuwa na nini?"

"Usafi, mwanangu. Kila mwaka maji hugeuzwa kule mwanzo siku tatu, wanaume wakashuka kutoa mchanga."

"Na saa saba, wanaume walikuwa wapi?"

"Saa saba ya Ijumaa? Kwani wewe ulikuwa kafiri siku hiyo? Walikuwa msikitini."

Mtoto wa Maskat, maji yake ya bomba, hakujua kwamba falaj nayo huoshwa. Asingeweza kumlaumu mtu mwingine, na hakujaribu.

Kesho yake aliingia kwa mkubwa wake, Bwana Asaad, naye mtu wa kizazi cha Unguja kama wao, suti na saa nzito. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasukuma kikombe chake pembeni.

"Ripoti imeshatoka, Taghreed. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Haya hayajamwagika, bwana. Yanapita. Nenda utazame."

"Mradi huu mkubwa. Unataka usimame kwa ajili ya mfereji wa watu arubaini?"

"Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Nataka ukurasa mmoja urekebishwe."

"Ukurasa huo ukirekebishwa, njia nzima ya ndege ichorwe upya." Asaad aliishusha sauti, na hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi. "Siku ya mkutano utakaa upande wetu, na utanyamaza. Ukifungua mdomo, toka Sur mpaka Nizwa hutapata wa kukuajiri."

Taghreed alitoka. Aliogopa, nisiseme uongo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, gari la mkopo, na mama aliyejisifu naye kila harusi. Lakini kuna woga unaomkalisha mtu, na kuna unaomsimamisha, na wake ulikuwa huu wa pili.

Ukumbi ulijaa siku ya mkutano. Wanakijiji walikaa kushoto, bakora mapajani. Watu wa kampuni walikaa kulia na makoti yao yenye nembo. Taghreed aliingia na abaya ya zambarau, ileile ya shambani, na koti la kampuni ameliacha garini. Humaid alimwona, akatazama pembeni.

Mwenyekiti alipofika namba kumi na moja, Humaid alisimama akasema falaj ina maji. Bwana Asaad akajibu kwa adabu kwamba mtaalamu aliyekagua ameandika vingine, na mtaalamu huyo yupo. Hapo Taghreed alinyanyuka.

"Nina la kusema, mwenyekiti."

"Una maji katika falaj hii?" aliuliza mwenyekiti. "Pingamizi ni la wenye maji."

"Sina hata tone."

"Basi kaa, binti."

"Sikai," alisema Taghreed. "Pingamizi si langu, sawa. Lakini sahihi ni yangu, na naifuta. Nilikwenda siku ya usafi, saa ya sala ya Ijumaa, nikaona mchanga nikaandika kifo. Nimekosea. Falaj hii hai. Ripoti hii haina tena sahihi ya mtu aliyekagua, na bila sahihi hiyo hamuwezi kuipitisha. Sheria ni yenu, si yangu."

Ukumbi ulinguruma. Asaad alimwambia akae, mara mbili, na mara mbili Taghreed aliendelea kusimama. Mwenyekiti alinong'onezana na wenzake, kisha akatangaza kwamba falaj namba kumi na moja ipimwe upya miezi mitano, na mkutano urudiwe Septemba. Mpaka hapo, hapana tingatinga litakaloingia.

Nje, Humaid alimkimbilia. "Taghreed, ngoja. Nimekukosea."

"Umenikosea. Ulinihukumu kwa simu, hukuniuliza hata swali la pili. Sikusema yale kwa ajili yako." Akaingia garini, akaondoka. Jioni hiyo barua ya kuachishwa kazi ilikuwa imeshafika.

Wiki mbili baadaye, Jumatano, alikwenda sokoni kumuaga Bi Asya. Kabla hajaketi vizuri, simu ya Bi Asya ililia. Bibi alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja.

"Yuko langoni. Anasema ni mpumbavu."

"Mwambie hilo si habari."

"Anasema si habari, Humaid." Akasikiliza tena. "Anasema alipaswa kuja kwako ana kwa ana, akuulize, akusikilize. Anasema usingizi kausahau. Anasema usipotoka, ataingia yeye."

"Watamchana."

"Anasema wamchane. Nenda, mwanangu, nina wateja."

Humaid alikuwa amesimama palepale pa siku ya kwanza, mikono mitupu, na mguu mmoja tayari ndani ya lango. Wanawake watatu walikuwa wanamsema kwa zamu, naye hakurudi nyuma.

"Toa mguu huo," alisema Taghreed.

"Siutoi mpaka unisamehe."

"Nimekusamehe. Toa."

Akautoa. Alikuwa amekonda, na kofia ameivaa upande.

"Ulisema niite kwanza," alisema Humaid. "Nakuita. Uje ukae kwetu, uwe mke wangu. Mahari taja wewe, nitakwenda nayo kwa mama yako Maskat wiki hii."

Taghreed alimtazama. Alimpenda, na hakuona sababu ya kuuficha uso wake.

"Dhahabu sitaki," alisema. "Nataka athar moja ya falaj. Kwa jina langu, si lako, imeandikwa katika daftari na mashahidi."

"Nusu saa ya maji tu?"

"Nusu saa yangu."

Humaid alielewa, taratibu, na tabasamu likamjaa usoni.

Waliozwa baada ya mavuno ya tende. Na Septemba, katika ukumbi uleule, Bwana Asaad akiwa na mtaalamu mpya na ramani mpya, bibi mmoja mwenye abaya ya zambarau alisimama. Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Una maji katika falaj hii?"

"Ninayo," alisema Taghreed. "Athar moja. Naanza."