Mkono wa Nyuma ya Pazia

Jumatatu saa tatu asubuhi, mjini Muheza, Daktari Shenaz alimwekea Sajini Mwatumu majibu mezani.

"Damu hii tuliyoihifadhi si ya Hafsa. Ncha za vinasaba hufupika kadiri seli zinavyozeeka. Siku ya kipimo Hafsa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hizi ni za mtu wa sabini hivi."

Miaka miwili nyuma, kwa damu hiyo hiyo, mradi wa Shenaz wa kupima magonjwa ya kurithi ulimwambia Hafsa hana hatari ya presha ya macho, ugonjwa uliompofusha mama yake. Sasa Hafsa haoni. Mumewe, Mudathir, alimshtaki nesi Methusela kwamba alichanganya chupa. Nesi akasimamishwa kazi, na jela ikawa inamnyemelea.

"Nichanganye na ya nani?" Methusela alifoka alipohojiwa. "Siku ile kule Kigombe nilimtoa damu mtu mmoja tu! Alikuwa mwali, yumo ndani, haonwi na wanaume. Akanitolea mkono nje ya pazia, umepakwa liwa, ule msandali wa kusinga, mpaka vidoleni. Nilifuta kwenye kiwiko tu. Na mshipa ulinitesa, unakimbia sindano."

"Mishipa ya nani hukimbia sindano?"

"Aghalabu ya wazee, afande." Kisha akaduwaa.

Saa saba mchana Mwatumu alikuwa Kigombe, kwa Bi Hasina, bibi aliyemlea Hafsa.

"Shikamoo, bibi. Mkono ule wa liwa ulikuwa wako?"

Bi Hasina aliinamisha kichwa. "Marahaba, mwanangu. Ulikuwa wangu. Aliyenituma kamuulize mwenyewe."

Jioni Mwatumu alirudi Muheza, akaketi nyumbani kwa Hafsa na Mudathir, mbele yao.

"Methusela atafungwa bure. Nani alimweka bibi yako nyuma ya pazia?"

"Mimi," Hafsa alisema. "Nilikwishaanza kuona giza pembeni. Mama alipopofuka, baba alimpa talaka. Na mama mkwe alitaka majibu ya daktari kabla ya nikahi."

"Na baada ya harusi? Dawa ya matone ingekuokoa!" Mwatumu alisema.

"Ningeificha wapi humu ndani?"

"Ningekuoa hivyo hivyo," Mudathir alisema.

"Aliyekuja kuyadai majibu ni wewe, Mudathir."

Mwatumu alimwonea Hafsa huruma, lakini alimkasirikia pia kwa kumwacha mtu asiye na hatia aadhirike. Akaandika maelezo, akampa kalamu atie saini. Hafsa akapapasa meza akiitafuta karatasi. Mudathir, aliyekuwa ubavuni pake, alitazama ukutani. Ikabidi Sajini azunguke meza, amshike mkono.